Kilti Husomwa kwa Nyuma

Mtu anayeijua kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, hakutazami kifuani. Husubiri upite, kisha hugeuka akatazama mgongo wa vazi lako: marinda yamelala sawa au yamefunguka, pindo limenyooka au limepanda upande mmoja, mstari wa katikati unafuata uti wa mgongo au umekwenda kombo. Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ina watu wengi wa namna hiyo, wenyeji na wageni, na kwa mpenzi wa vazi hili kukutana nao ndiyo raha kubwa ya safari. Makala haya ni ya anayetaka kwenda huko na kilti akaivaa kutwa nzima barabarani, si ya anayetaka picha ya dakika tano mbele ya ngome.

Msomaji wa pwani anaanza na faida. Mwanamume aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuambiwa kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani bila suruali na heshima yake ikabaki kamili. Kikoi na msuli vimemfundisha kukaa, kuchuchumaa na kupanda ngazi akiwa ndani ya kitambaa kilichozungushwa kiunoni. Hata matamvua ya ukingo wa kilti hayatamshangaza. Lakini mazoea hayohayo yanaweza kumponza kwa jambo moja. Kikoi hushuka, ukakipandisha, ukakaza, ukaendelea na safari. Kilti haipandishwi njiani. Imeshonewa mahali pake mwilini, na mahali hapo ni juu kuliko wengi wanavyodhani.

Suruali ya jinzi hukaa nyongani. Kilti hukaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu, na ukingo wake wa juu hupanda kama inchi 2 juu ya mfupa wa nyonga. Ndiyo maana namba ya jinzi haina kazi hapa: aliyezoea 34 huenda akapimwa akakutwa 36 au hata 38. Anayeagiza kwa namba ya suruali hupata kilti isiyofunga, akaishusha nyongani ili ifunge, na papo hapo kila kitu huharibika. Pindo hufika chini ya magoti. Sehemu ya marinda iliyoshonwa ifuate mkunjo wa mgongo huangukia makalioni, ikabanwa, na marinda yakatanuka kama feni. Kosa moja tu la kimo, na mtu aliye ng'ambo ya Princes Street ameshaliona.

Kwa hiyo pimwa vizuri. Vipimo vya msingi ni vinne: kiuno usawa wa kitovu, makalio pale yalipojaa zaidi, urefu wa kilti, na urefu wako mwenyewe. Urefu wa kilti huanzia pale ukingo wa juu utakapokaa na kuishia katikati ya pia ya goti. Mpimaji awe mtu mwingine, nawe usimame wima ukitazama mbele. Ukiinamisha shingo kuchungulia tepu, mwili mzima husogea nayo, na kipimo cha urefu huja kibaya kwa inchi nzima au zaidi. Kiuno kipimwe kwa kubana kidogo, kwa kuwa kilti hushikwa na kiuno; makalio yapimwe kwa kulegeza, kwa kuwa marinda yanahitaji kuning'inia bila kuvutwa. Wengi hufanya kinyume, wakalegeza kiuno ili wapumue na kubana makalio ili waonekane wembamba. Kuna jaribio la kale ambalo bado linafaa: piga magoti sakafuni, mgongo wima. Pindo likigusa sakafu, kilti ni ndefu. Likiwa juu kwa kama inchi moja, imekaa.

Sasa kitambaa chenyewe. Kilti ya kiasili huitwa ya yadi 8, yaani takriban mita 7.3 za kitambaa cha upana mmoja. Viwanda hufuma upana maradufu, fundi akanunua yadi 4, akazipasua katikati kwa urefu na kuziunganisha, mshono ukafichwa ndani ya rinda. Uzito huhesabiwa kwa aunsi kwa yadi: 10 au 11 ni nyepesi, 13 ni ya wastani, 16 ni nzito. Ushauri wangu kwa Edinburgh ni 16, bila kusita. Kilti hiyo hukaribia kilo mbili ukiishika mkononi, lakini ukishaivaa uzito hugawanyika kiunoni usiusikie, na upepo wa mji ule unahitaji mpinzani wa kweli. Aunsi 13 inatosha kama lengo kubwa ni kucheza ngoma ukumbini, maana ukumbi huwa na joto. Nyepesi zaidi ya hapo hupeperuka, na marinda yake hupoteza mkunjo kabla ya saa sita mchana. Kitambaa kiwe sufu. Zile za akriliki zinazouzwa kwa bei ya zawadi katika mitaa ya watalii hazina ubaya kwa jioni moja, ila hazina yadi za kutosha nyuma, wala hazishiki pasi.

Chukua kilti iliyoshonwa kwa mkono, ilaze kifudifudi mezani, na tazama mgongo wake kwa karibu. Kuna marinda 25 hadi 30. Kila moja, pale makalio yanapojaa, huonyesha upana wa robo tatu ya inchi, au inchi moja hivi. Likipanda kiunoni hupungua taratibu, na mishono yake haionekani. Kuanzia kiunoni hadi makalioni marinda yameshonwa. Kutoka hapo kwenda chini yako huru, yameshikwa na pasi peke yake. Fundi ana njia mbili kuu za kuyapanga. Ya kwanza hurudisha mchoro: kila rinda hukunjwa mahali ambapo kipande chake kinachoonekana kinaendeleza kile cha jirani, hata mgongo mzima ukaonyesha miraba ileile ya mbele kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Ya pili, iliyopendwa na vikosi vya jeshi, huweka mstari uleule katikati ya kila rinda. Ukisimama, mgongo huwa na rangi moja au mbili zinazotawala. Ukitembea, marinda hufunguka na rangi zilizofichwa ndani humweka, kisha hufungika. Hapo ndipo mpenzi wa kilti husimama akatazama, na ndiyo sababu, baada ya jina la tartani, yaani mchoro wa miraba ya rangi wa kitambaa, mtaulizana kuhusu marinda.

Kuvaa kuna mpangilio, na mpangilio una sababu. Anza na shati, soksi na viatu, kilti ije baadaye. Anayevaa kilti kwanza hulazimika kuinama kufunga kamba za viatu, na kuinama huko huvuta marinda yakajikunja vibaya kabla siku haijaanza. Soksi za sufu hukunjwa juu, ukingo wake ukiacha vidole vitatu hivi chini ya pia ya goti. Chini ya mkunjo huo hupita mpira wa soksi, wenye vipande vya utepe vinavyochungulia kwa nje ya muundi. Mpira usikaze: ukikaza, kufikia jioni mguu unauma, na watu wengi husingizia viatu. Viatu rasmi havina ulimi, na kamba zake ndefu husokotwa mara mbili tatu mbele ya kifundo kisha huzungushwa mguu. Zisipande mpaka kwenye shavu la mguu, kwa kuwa zitateremka kila hatua kumi. Kwa kutembea mawe ya mji mkongwe, buti za ngozi na soksi nene zilizoviringishwa zinafaa zaidi, na hakuna Mskoti atakayekulaumu.

Kisha kilti. Ishike nyuma yako, marinda mgongoni. Sehemu mbili bapa za mbele, zisizo na marinda, huitwa aproni. Aproni ya ndani hutoka kulia kwenda kushoto. Mkanda wake hupita katika tundu lililo ubavuni na kufungwa nje, nyonga ya kushoto. Aproni ya nje hutoka kushoto kwenda kulia, matamvua yakaangukia upande wa kulia. Kwa kawaida mikanda ni mitatu, na ule wa chini kulia usikazwe: kazi yake ni kushikilia tu. Ukiukaza, aproni hupata mkunjo wa kulalia ambao hakuna pasi itakayouondoa. Tazama kiooni kama mstari wa katikati ya aproni umekaa usawa wa kitovu. Ule mkanda mpana wa juu, wenye kifungo kikubwa cha fedha, ni pambo. Kilti hushikwa na mikanda yake midogo, na anayetegemea mkanda mpana kuishikilia ameshonewa kubwa.

Sporani, ule mkoba wa mbele, huning'inia upana wa kiganja chini ya kifungo cha mkanda. Ikining'inia chini zaidi hupiga mapaja kila hatua. Ikiwa juu zaidi hubana tumbo ukikaa. Ya mchana ni ya ngozi tupu; za manyoya ni za usiku na sherehe. Anayetoka Marekani au kupitia huko asibebe ya ngozi ya sili, kwani sheria ya huko ya mwaka 1972 ya kulinda wanyama wa baharini inazuia kuiingiza. Pini ya kilti nayo huchomwa kwenye aproni ya nje peke yake, kona ya chini kulia. Hili ni kosa la wageni wengi: huichoma kupitia aproni zote mbili wakidhani inazuia upepo. Aproni mbili hazitembei pamoja. Hatua ya kwanza ndefu ya kupanda basi, na kitambaa cha mamia ya pauni kimechanika.

Koti la kawaida la suti ni refu mno kwa kilti. Hufunika sporani na kumfupisha mtu. Makoti ya kilti hukatwa mafupi. Kwa mchana, sweta la rangi moja linatosha kabisa.

Mji sasa. Edinburgh imejengwa juu ya miinuko, na upepo hupita katikati yake kama katika mlango ulioachwa wazi. Sehemu za kuwa makini ni North Bridge, kilele cha Calton Hill, baraza la juu la Jumba la Makumbusho la Taifa katika Chambers Street, na bila shaka Arthur's Seat, yenye urefu wa mita 251. Upepo wa mbele si tatizo, kwa kuwa aproni ni mbili na sporani huzikandamiza. Hatari hutoka nyuma, pale upepo unapoingia chini ya marinda. Ukiusikia umebadilika, geuka uupokee kwa mbele, au pitisha mkono nyuma ukandamize marinda ya katikati. Ngazi za vichochoro vya Royal Mile, barabara kuu ya mji mkongwe, ni wima na watu hupanda nyuma yako. Panda ukiwa umeegemea ukuta, mkono mmoja ukishika marinda. Kwenye basi la ghorofa kaa chini.

Kuhusu kinachovaliwa ndani, swali litakalokufikia kila siku, jibu la kivitendo ni fupi: kwa mji wenye upepo na ngazi, vaa. Maduka ya kukodisha hudai hivyo, mashindano ya ngoma za Kiskoti hudai hivyo. Utakutana pia na walevi wanaotaka kuinua pindo wajionee wenyewe. Hakuna desturi inayowapa ruhusa hiyo. Shika marinda, kataa kwa sauti inayosikika, ondoka.

Kukaa kuna ufundi wake. Ukiwa umesimama mbele ya kiti, pitisha kiganja nyuma kutoka kiunoni kwenda chini, ulaze marinda, kisha keti bila kuyaachia. Magoti yakaribiane, sporani ishuke katikati ya mapaja. Epuka viti virefu vya baa, kwa sababu pindo hupanda na huwezi kulishusha ukiwa juu. Mvua ikikupata, na itakupata, tikisa kilti, itundike kwa ukingo wa juu kwa vibanio, nyoosha marinda kwa vidole, na iache ikauke mbali na hita. Hita hukausha sufu kwa kasi ikajikunja vibaya. Tope liache likauke ndipo ulipige brashi. Ukilisugua likiwa bichi unalipeleka ndani ya uzi. Mashine ya kufulia isiiguse kilti kamwe.

Kuna kisu kidogo cha kwenye soksi, skian-du, ambacho mpini wake huchungulia juu ya soksi ya kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1995 inayokataza kubeba kitu chenye makali hadharani inamkinga anayekibeba kama sehemu ya vazi la taifa. Kinga hiyo haimlazimishi mwenye baa kukufungulia mlango, na kwenye ndege kisu kisafiri ndani ya begi la mizigo. Kwa mgeni naona bora kile cha kuigiza, kisicho na makali.

Wengi wetu huuliza kama mtu asiye Mskoti anaruhusiwa. Anaruhusiwa. Tartani ya Balmoral ni ya familia ya kifalme, na baadhi ya tartani huhitaji idhini ya aliyezibuni, lakini nyingi ziko wazi kwa kila mtu. Black Watch na Caledonia huvaliwa na yeyote, na Edinburgh ina tartani yake yenyewe. Vazi hili lina historia ya kuumizwa: mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden vilivyozima uasi uliotoka milima ya Uskoti, Bunge lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kulivaa, isipokuwa waliokuwa jeshini, na katazo halikufutwa hadi 1782. Miaka 40 baadaye, Agosti 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akasimamia mapokezi yaliyojaa tartani, na vazi lililopigwa marufuku likarudi mjini kama vazi la taifa. Wanaolipenda leo wanajua yote mawili, na ndiyo maana hufurahi kumwona mgeni aliyelivaa kwa uangalifu. Chagua tartani unayoweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini umeichagua. Sajili rasmi ya tartani, iliyofunguliwa mwaka 2009, inasimamiwa na National Records of Scotland, na jina lolote unaweza kulitafuta humo kabla hujanunua.

Mahali pazuri pa kupeana miadi na wapenzi wenzako ni mbele ya General Register House, mwisho wa mashariki wa Princes Street, penye sanamu ya Wellington juu ya farasi. Kila mtu anapaona. Msikutane Royal Mile mchana wa Agosti: umati wa tamasha hautawaacha msimame, na mabegi ya watalii hukwaruza marinda. Kutoka pale ni hatua chache hadi bustani za Princes Street, ambako kuna sanamu ya Livingstone, yule ambaye Chuma na Susi waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mkipanda kuelekea kusini mnafika George Square, eneo la Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Julius Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952. Mtanzania aliyevaa kilti akiwaeleza wenzake hayo mawili njiani huwa amechangia matembezi. Jioni, Forrest Road iko karibu, na katika baa ya Sandy Bell's hupigwa muziki wa kienyeji; ni padogo, kwa hiyo msiende kumi kwa mpigo.

Kama huna miadi, chagua siku. Siku za mechi za raga uwanjani Murrayfield, Februari na Machi, njia nzima kutoka stesheni ya Haymarket hujaa kilti, nyingi zimevaliwa na jezi na buti, nyingine zimerithiwa kwa babu. Usiku wa Burns, wa kumkumbuka mshairi Robert Burns, ni 25 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Andrew ni 30 Novemba. Agosti panda treni mpaka Glasgow, chini ya saa moja tu, kwenye mashindano ya dunia ya bendi za zumari za mfuko katika uwanja wa Glasgow Green. Hakuna mahali pengine utakapoona kilti nzito za kijeshi na za bendi kwa wingi kiasi hicho, zote zikitembea kwa hatua moja. Kaa nyuma ya bendi inapoondoka, si mbele yake.

Kuanzisha mazungumzo ni rahisi: "Hiyo ni tartani gani?" Kisha uliza nani aliishona na ni aunsi ngapi. Mwenye nayo mara nyingi atageuka mwenyewe akuonyeshe marinda. Usiguse kabla hajakwambia. Akikupa pindo ulishike, lisugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada usikie uzito, na umruhusu afanye vivyo hivyo kwako. Mpiga zumari wa barabarani mwekee sarafu kwanza, picha baadaye.

Mkialikwa kwenye cèilidh, yaani jioni ya ngoma za kienyeji, vua pini na uiweke kwenye sporani, na sporani yenyewe izungushe ubavuni, kama wafanyavyo wapiga ngoma wa bendi. Ngoma ya Strip the Willow huzungusha watu kwa nguvu, na sporani ya mbele humpiga mwenzako.

Picha ya pamoja mpige mbili. Moja ya nyuso. Ya pili wote mgeuke, mikono mbele, na mpiga picha achuchumae ili lenzi iwe usawa wa makalio; akisimama, mapindo yote yataonekana yamepinda.

Usiku wa mwisho, kabla ya kufunga begi, piga bandi: uzi mrefu wa rangi tofauti, mshono mmoja katika kila rinda, inchi 2 juu ya pindo, bila kukaza. Kunja aproni kwa ndani, viringisha kilti kuanzia upande mmoja kama unavyoviringisha mkeka, marinda yakielekea kwa urefu. Kata mguu mmoja wa soksi ndefu ya kike ya nailoni, uuingize mviringo huo humo. Nailoni huubana kila upande kwa nguvu sawa, na begi likitupwa namna gani, marinda hayasogei. Ukifika nyumbani, itundike usiku mmoja, kisha utoe uzi kwa mkasi wa ncha kali, kipande kwa kipande. Usiuvute wote kwa mkupuo. Uzi wa bandi ukivutwa hivyo hung'oa nyuzi za sufu, na alama hubaki nyuma, pale pale watu watakapotazama.